Bunduki Iliyorudi Peke Yake

Siku Bonaventure alipokosa kurudi kutoka porini, bunduki yake ilirudi peke yake. Ilikuwa Jumanne, mwaka wa hamsini na nne, mvua za kwanza zimeanza Fizi. Mkewe, Anastasie, alifungua mlango asubuhi akaikuta imeegemea ukuta, imejaa tope, kama mlevi anayengoja kufunguliwa.

"Unisalimie kwanza," ikasema.

Ilikuwa gobori la zamani, la kushindilia baruti mdomoni, na ndani yake mlikaa pepo. Bonaventure aliinunua mjini Baraka kwa mchuuzi mmoja, Nasoro, ambaye hakumficha: inapenda sifa. Basi kila alipotoka kuwinda aliivulia kofia, akaiita Radi, Baba wa Nyati, akaimwagia damu ya kuku. Kuku wa Anastasie.

"Bwana yangu iko wapi?" Anastasie aliuliza.

"Nilimukula. Mi niko mukubwa. Kama hunisifu, sisemi."

Wanaume walitafuta siku tisa, hawakuona hata kofia. Bila maiti hakuna kaburi, na bila kaburi matanga hayaishi. Katika ukoo ule mjane hagusi jembe mpaka mumewe azikwe. Mvua inanyesha, mbegu za maharage zimo kapuni, na Anastasie ameketi mkekani kama mgonjwa.

Placide, mdogo wake Bonaventure, mwanamume wa mabega mapana, alikuja na jogoo na chupa ya pombe. Akapiga magoti mbele ya bunduki.

"Baba wa Nyati, mukubwa wetu..."

"Ongeza," ikasema.

"Shemeji, simama," Anastasie alisema. "Unabembeleza chuma."

"Iko na shetani, shemeji. Itatumaliza."

"Irudishe kwanza ule mutu mumoja."

Jembe Anastasie alikatazwa. Bunduki hakuna aliyemkataza, nani angefikiri? Akaishika kitako, akaenda nayo shambani, akaikita mdomo ardhini na kuanza kutoboa mashimo ya maharage.

"We mwanamuke! Mi niliua tembo!"

"Leo utaua magugu."

Wanawake waliotoka mtoni waliweka mitungi chini.

"Anastasie, ndiyo ile Radi?"

"Ndiyo hii. Inapanda maharage."

"Ikimaliza unikopeshe, nichimbe choo."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa kwenye matope. Placide alisimama pembeni na jogoo wake kwapani, hajui amfanye nini.

Kwenye mstari wa tatu, pepo lilisema polepole, mdomo umejaa udongo.

"Sikumukula."

"Najua. Sema."

"Nyati ilitoka mu matete. Yeye alifyatua, mi nikaogopa. Nikazima baruti. Nikakimbia."

"Ukamuacha."

"Nikamuacha. Iko chini ya mukuyu, ng'ambo ya muto Mutambala."

Mvua ilimtiririka Anastasie shingoni. Miaka sita mume wake alikivulia kofia kitu hiki, na siku moja tu alipokihitaji, kilikimbia. Akatema mate, akaiacha bunduki imesimama kwenye mstari wa tatu, akamwita Placide.

Wanaume walivuka mto wakamkuta palepale. Walimzika Jumamosi nyuma ya nyumba. Anastasie alinyolewa nywele, wafiwa wakakunja mikeka, kila mtu akarudi kwake.

Sasa maharage yameota, mistari imepinda kidogo, na Anastasie anayapalilia kwa jembe.