Twita Mpya za Mzee Waithaka

Nzembi hakuwa mwanamke wa kusema "tutajaribu". Ukimpelekea spika kibandani kwake Lindi, kule Kibera, angeikagua nyuma na mbele, kisha akwambie itakavyolia ikitoka pale. Na ingelia hivyo hivyo. Kwa hiyo Mzee Waithaka, mwenye ploti za kupangisha Kawangware, alipomwita aongeze super twita kwenye spika za sebuleni, vile vispika vidogo vya kutoa sauti nyembamba kabisa, Nzembi alifunga begi lake bila wasiwasi wowote.

Mzee alikuwa na haja moja tu. Marehemu mkewe, Beth, ndiye aliyekuwa akipiga kayamba katika kwaya ya kanisa, na kwaya ilirekodi CD moja kabla hajafariki.

"Waimbaji nawasikia wote," mzee alisema. "Beth ndiye sipati. Niwekee hiyo kitu nimpate."

"Leo utampata, mzee."

Alizifunga twita juu ya spika, akaweka CD. Yeye mwenyewe alisisimka. Kayamba lilisikika waziwazi, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Akamgeukia mzee, ambaye alikuwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio.

"Bado," mzee akasema.

Nzembi akailaumu nyumba. Kule Lindi alizipima twita chini ya mabati, ambako kila sauti hurudi na meno. Hapa kulikuwa na zulia, mapazia mazito, na vitambaa vya kushona kwa mkono juu ya kila kochi, hata mbele ya spika. Akavitoa vya spika, akazielekeza twita kwenye kiti cha mzee. Wangoi, bintiye mzee, akatoka jikoni na mwiko mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Huyo ni mum," akasema.

Mzee akawatazama wote wawili. "Kwani nyinyi mnasikia nini?"

Hapo Nzembi akaelewa, na roho ikamuuma.

"Mzee, sitakudanganya. Spika ziko sawa. Ni masikio zimechoka, hizi sauti za juu sana hazikufikii tena."

"Kwa hivyo amepotea."

"Hiyo sijasema."

Angeweza kuondoka na sifa zake. Badala yake aliwasha chuma chake cha kuchomelea, akang'oa zile kapasita zinazozizuia twita zisipige sauti za chini, akaweka nyingine ili zianzie chini zaidi, pale masikio ya mzee yalipokuwa bado yanafika. Alijua anaiharibu kazi safi. Mafundi wenzake wa Kibera wangeisikia, wangemcheka mpaka achoke.

CD ikaanza upya. Wangoi akakunja uso.

"Siste, sasa inakwaruza. Waimbaji wanapiga tu kelele."

"Wacha ikwaruze. Si wewe uliniita."

Mzee aliketi wima. Kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti, kikasita, kikagonga tena, mbele kidogo ya mapigo ya kwaya. Akacheka huku machozi yakimshuka.

"Anaharakisha," akasema. "Miaka yote nilimwambia, Beth, ngoja wenzako. Msikie. Hakungoja mtu."