Waya wa Plagi ya Tatu

Jumamosi saa nne asubuhi Mpimaji alifungua boneti ya gari lake uani, akakunja mikono ya shati, akamwambia mkewe, "Mama watoto, shika tochi."

Jua lilikuwa linawaka mpaka paka amehamia chini ya kabati. Lakini ndani ya injini kuna pembe ambazo hazijawahi kuliona jua, na kwa miaka ishirini, kila kitu kilipoharibika nyumbani kwao, kuanzia pasi hadi pampu ya maji, kazi ya mke ilikuwa tochi.

Gari lilianza kukohoa Jumatano. Siku nyingine isingekuwa neno. Ila Jumatatu saa mbili asubuhi mama mkwe alitakiwa hospitali, atolewe mtoto wa jicho la kulia. Tarehe hiyo waliisubiri miezi minane, na karatasi ilisema wazi kwamba anayechelewa anarudi mwisho wa foleni.

"Tuite teksi," mke alisema.

"Mimi nina gari uani, halafu mama mkwe wangu apande teksi? Watu watanielewaje?"

"Basi angalia ule waya wa plagi niliokwambia Jumatano. Sikiliza mlio wake, inapiga tatu inaruka moja. Cherehani ikiruka mshono huivunji yote, unaangalia uzi."

Mke alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule za nusu ya mtaa, na mashine yake hakuna fundi mwingine aliyewahi kuigusa. Mpimaji alicheka kwa upendo, kama mtu aliyeulizwa na mtoto mvua inalala wapi.

"Cherehani ni cherehani, mke wangu. Hii ni injini."

"Inaruka moja," mama mkwe alisema kutoka kibarazani. Macho yalikuwa na ukungu, masikio yalikuwa hayajambo.

"Asante, mama," Mpimaji akajibu kwa heshima, akaanza kufungua kila kitu. Mke alipopeleka kidole kwenye ule waya, aliambiwa asiguse, ataharibu.

Kazini Mpimaji alikuwa mtu wa ardhi, mtu wa kamba na mawe ya mipaka. Hakuwahi kumpunja mtu hata hatua moja ya kiwanja. Lakini nati zake zote alizitupa kwenye kopo moja la maziwa, kubwa kwa ndogo, kama maharage. Mke alitandika gazeti ili zipangwe kwa mfuatano wa kufunguliwa. Mpimaji akalichukua, akajifutia mikono.

Jumapili alasiri injini ilikuwa imefungwa tena. Kwenye kopo zilibaki nati kumi na moja na springi.

"Kiwandani huwa wanazidisha," Mpimaji alisema. "Kwani shati si linakuja na vifungo vya akiba?"

Mke, ambaye ndiye anayevishona hivyo vifungo vya akiba, akazihesabu nati mara ya pili.

Jumatatu saa moja na nusu mama mkwe alikaa mbele na mkoba wake mapajani, mke akakaa nyuma. Mpimaji akawasha. Injini ikanguruma, ikaruka moja, ikanguruma. Akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza.

Gari halikusogea. Nyumba na ua navyo havikusogea. Ila nje ya geti, mtaa ulianza kutembea kutoka kulia kwenda kushoto, mwendo wa baiskeli.

"Mnaona?" Mpimaji alisema. "Tunakwenda."

Ukapita ukuta wa jirani, likapita tangi lake la maji, akapita jirani mwenyewe anapiga mswaki. Likaja duka la kinyozi. Kinyozi aliutoa wembe kwenye shavu la mteja akasubiri, maana mtaa ulikuwa unakata kona.

"Hamjambo humo?"

"Hatujambo. Tunawahi hospitali."

"Kwenye matuta nenda polepole basi, nina mtu kwenye kiti."

Mpimaji akapunguza mwendo. Saa mbili kasoro dakika tano hospitali ilifika getini, akavuta breki ya mkono. Mama mkwe alishuka, akatembea hatua saba, akaingia mapokezi. Muuguzi aliangalia karatasi, akaangalia saa.

"Mmewahi," alisema. "Kaeni pale."

Hospitali ililala getini mpaka Jumanne, bandeji ilipotolewa. Mpimaji akaweka gia ya kurudi nyuma, akairudisha ilikokuwa, na jioni hiyo mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Jirani wa tangi alikuwa na hasira. Alikuwa ametoka kazini Jumatatu akakuta nyumba yake iko nyuma ya mochwari.

"Si wewe unayetuhubiria kila siku kwamba mawe ya mpaka hayasogezwi?"

"Yamekwenda yote pamoja," Mpimaji alisema. "Vipimo ni vilevile."

Wakatoka na kamba, wakapima, wakakuta ni kweli. Kikao kikaamua mtaa usiondolewe kabla ya watoto kufika shule, na mwenye gari apige honi kwanza. Kisha wakampigia makofi. Mtu mmoja akamwita Injinia, na jina likashika. Mkewe alikuwa benchi la nyuma anapindia sketi. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Alhamisi mama mkwe alikaa kibarazani na jicho lake jipya. "Kumbe ukuta huu ni wa kijani," alisema. Kisha akaliona kopo. "Na hizi za nini, baba?"

"Za akiba, mama." Mpimaji alikuwa anafungua boneti. "Bado inaruka kidogo. Jambo dogo tu. Mama watoto, shika tochi."

Maneno hayo mama mkwe alikuwa ameyasikia miaka mingi. Ndiyo kwanza anayaona. Alimwona binti yake ameishika tochi kwa mikono miwili, na mwanga umetulia tuli juu ya waya wa plagi ya tatu, uliochomoka upana wa ukucha. Akauona mkono wa mkwe wake na spana, shibiri moja pembeni, gizani, ukifungua kitu kingine kabisa.

"Baba," alisema, "mwanga uko pale."

"Nimeuona, mama," sauti ilitoka ndani ya boneti. "Ndivyo alivyo huyu. Miaka ishirini namfundisha kushika tochi."

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Ulimwambia?"

"Tangu Jumatano ile, mama." Tochi haikutikisika.

Nati ya kumi na mbili ikalia kwenye kopo. Mama mkwe aliinua kiganja, akalifunika jicho jipya, akabaki na lile la ukungu.

"Linauma?" binti akauliza.

"Haliumi," mama alisema. "Nalipumzisha. Kwa leo limeona ya kutosha."