Kimya cha Siku ya Magudulia

...na hii ndiyo raha ya siku ya magudulia, hakuna anayeruhusiwa kusema, wanaume wote wa Ikaria mezani, kila mtu na gudulia lake na mvinyo wake, kimya mpaka wa mwisho amalize, ndivyo Dioniso, mungu wa mvinyo, anavyotaka, kwa hiyo leo hakuna wa kumnyooshea kidole Nausoni kwamba kakaa uso kwa uso na kaka yake Kefiso bila salamu, mwaka wa tatu huu, leo kijiji kizima kimenuna, akamwaga tone la mungu chini, akapiga funda la kwanza... mtamu, mbona mtamu hivi, wake mwenyewe ulichacha tangu baridi ianze, Mirto ndiye aliyemjazia asubuhi, "Kunywa tu mume wangu, usiniulize nimeutoa wapi," na mlangoni huko wanawake hawafungwi na kimya, mke wa Kefiso anasema, "Watazame walivyotulia, laiti ingekuwa hivi kila siku," na Mirto, huyo huyo Mirto, anajibu, "Hao wawili wasikutishe shemeji, wana mazoezi ya miaka mitatu," wakacheka, wacheke tu, wao hawakuiona mizabibu ya baba imelazwa chini mizizi juu, kaburi la baba halijaota hata jani na Kefiso kashika sururu, "Imezeeka mdogo wangu, inatoa siki," naye akamjibu, uliyezeeka ni wewe, akaondoka, hajalikanyaga shamba lile tena... funda la pili, akaliweka ulimini, na pale mwishoni, baada ya utamu, ukaja ule uchungu mdogo, wa ganda la komamanga, aliokuwa akilambishwa na baba kwenye kidole, hakuna mzabibu mwingine Ikaria wenye uchungu ule, hakuna... basi Kefiso alikata vipandikizi kabla ya kung'oa, akavipanda upya, na haya ndiyo mavuno yao ya kwanza, mizabibu ni ile ile ya baba, na Mirto alijua, ndiyo maana siku zote husema, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nami nimechoka kulima," angeuliza, angefika shambani mara moja tu, mjinga wee Nausoni, furaha ikampanda mpaka masikioni, akataka kusema sasa hivi, kaka, ni wa baba huu, mdomo ukafunguka kabisa, mpiga mbiu anayelinda kimya akamkata jicho, akaufunga, miaka mitatu alikuwa na ruhusa ya kusema na hakusema, Kefiso akainua macho, akaliangalia gudulia la mdogo wake, akamwangalia na yeye, kaka, kaka, neno limejaa mdomoni pamoja na mvinyo, na mzee Teisi pale pembeni, anayekunywa kama kuku, funda moja kisha anatazama juu, hajafika hata nusu.