Utando Juu ya Chemchemi

Ko. Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa mtungi, kikanyamaza, kikagonga tena. Ko.

Semeni alifumbua macho gizani. Jogoo wa kwanza alikuwa ameshawika. Akapapasa ubavuni pake, mahali alipolala mwanawe, akakuta pamepoa. Mle ndani mitungi ilikuwa miwili: mmoja karibu na mlango, wa maji ya mto, ya kunywa; mwingine nyuma ya kinu, wa maji ya chemchemi, ya kuoshea vyombo tu. Sauti ilitoka nyuma ya kinu.

"Yasmin! Tema! Tema hayo maji!"

Alimrukia, akampokonya kikombe, akamtikisa mabega. Mtoto wa miaka minne, aliyekuwa na kiu yake tu, akamtumbulia macho mama yake. Hakulia wala hakusema neno.

"Umekunywa kiasi gani? Niambie, mwanangu."

Mtoto akakitazama kikombe tu.

Chemchemi ile ilikuwa ya ukoo, ikirithiwa upande wa kikeni, na Bi Asha, mama yake Semeni, alikuwa ameipokea kwa mama yake. Hakuna mtu kijijini Kinole aliyewahi kuiogopa mpaka wiki ile. Ijumaa wanawake walifika na ndoo zao wakakuta ukingoni pameota uteute mwekundu kama kutu, unaoteleza kama bamia, na juu ya maji umetanda utando wenye rangi rangi, kama dizeli iliyomwagika barabarani. Na mtu wa kusingiziwa alikuwepo. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua mazao, Mansuri wa Gairo alikuwa akipandisha lori kila wiki kuchukua ndizi, na lori hilo alililaza juu kidogo ya chemchemi. Kijiji kikakata shauri: mafuta ya Mansuri yameingia majini, na maji yale sasa ni sumu. Watu wakaanza kuteremka mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na nyingine ya kupanda.

Bi Asha alikuwa ameamka. "Mimi nimezaa saba kwa maji yale," alisema, lakini sauti ilimtetemeka, maana ndiye aliyeyateka, magoti yake yalipogoma kuteremka mtoni. "Mpe maziwa."

"Maziwa nayatoa wapi saa hizi, mama? Nampeleka hospitali mjini."

Gari la kwenda mjini lilikuwa moja tu, na ni lile lile lori la Mansuri. Semeni akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akashika njia mbio mbio, Bi Asha nyuma yake akihema. Kila hatua chache Semeni aliita, "Yasmin?" Kila alipoita alisikia pumzi tu shingoni mwake, na kimya kile kilimkata maini. Sumu imeshamfunga ulimi, alijiambia.

Mansuri alikuwa akikaza turubai juu ya mikungu. Mbele, kando ya dereva, alikwisha kaa Mwalimu Eufrazia, anayemfundisha Semeni darasa la jioni la watu wazima. Alikuwa na safari ya mjini. Semeni hakumwamkia mtu.

"Mwanangu amekunywa maji yenye mafuta yako! Washa gari!"

"Panda, dada, panda, nani atakataa? Lakini wallahi lori hili halijavuja hata tone."

"Lingekuwa halivuji ungeapia nini?" Bi Asha akadakia. "Si ungelilaza kwenu Gairo huko!"

"Bibi, kwetu Gairo hata maji yenyewe hatuna. Ningechafua nini?"

Mwalimu akashuka. Alimtazama mtoto macho, akamtazama ulimi, akamnusa mdomo. "Hanuki dizeli," alisema. "Mansuri, washa gari lipate moto. Semeni, chemchemi hii hapa, hatua ishirini. Daktari atatuuliza mtoto amekunywa nini. Tukajue jibu kwanza."

Mwanga ulikuwa umeanza kutambaa juu ya vilele. Utando ulikuwepo, unang'aa zambarau na kijani.

"Mchuzi wenye mafuta ukiuchoma kwa kijiti," mwalimu aliuliza, "yale mafuta hufanyaje?"

Semeni nusura apige yowe. Mtoto anamfia mgongoni, mtu anamuuliza habari za mchuzi! Lakini mdomo wake ulikwisha zoea kumjibu mwalimu huyu. "Hukimbia, halafu hurudi yakaungana."

"Basi choma huo utando."

Semeni akaokota unyasi mkavu, akachoma nao. Utando ukavunjika vipande vipande, vyenye kona kona, kama ngozi ya uji uliopoa. Akangoja. Havikuungana. Vilielea, kila kimoja na njia yake.

Mansuri, bila kutumwa, alikuja na kitambaa chenye dizeli, akadondosha tone kwenye kidimbwi cha barabarani. Semeni akachoma na pale. Rangi zilizunguka, zikapishana, zikarudiana kama hazijaguswa.

"Si mafuta," Semeni alisema polepole.

"Si mafuta. Ni vijidudu, wadogo hata macho hayawaoni. Milima yetu ina chuma udongoni, na maji yanatoka nacho. Basi chuma hicho ndicho ugali wao. Kikikutana na hewa wao hupata nguvu ya kuishi, na kinachobaki ni kutu. Ndio huo uteute, na ndio utando. Hawamdhuru mtu. Ila maji mchemshe, kama siku zote."

"Mbona zamani hawakuwepo?" Bi Asha aliuliza.

"Tazama mkondo, mama. Majani yameuziba. Maji yakituama, wao wananawiri."

"Kwa hiyo wanakula chuma, wanakunya kutu," alisema Mansuri. "Jamani, wasilione lori langu!"

Bi Asha alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akapandisha khanga, akaingia majini kuzoa majani kwa mikono miwili. Semeni akaketi juu ya jiwe, machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka, hajui atangulize kipi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

"Marahaba. Nilikuwa naingoja." Mwalimu akamgusa bega. "Na huyo mtoto hana sumu. Kelele zako ndizo zilizomtisha."

Semeni akafungua khanga, akampakata Yasmin mapajani, akamfuta uso kwa kiganja. "Nilikupigia kelele, mama yangu. Ulikuwa na kiu tu. Nisamehe."

Mtoto akauchukua ule unyasi mkononi mwa mama yake, akainama, akachoma kipande kimoja cha utando kikawa viwili. Akamtazama bibi yake aliyelowa mpaka magotini. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, nataka uji."