Kibwengo wa Kete Mbili

Asubuhi ile Kazija alikuwa kwenye foleni ya mchele, Ng'ambo, nyuma ya vikapu kumi na tisa na watu sita. Wenye vikapu wamekwenda zao. Kikapu kinatosha kushika zamu. Yeye kabaki. Kukaa na vikapu kulimfaa, maana havimsemeshi mtu.

Daftari liko magotini, anapima mashetani. Yalikuwa ya mchezo aliouzua mwenyewe. Mchezaji ana mtu wake, anamtembeza juu ya kipande cha boksi kilichochorwa njia, toka Mtoni mpaka Forodhani, na njiani anatokewa. Kila shetani ana daraja lake: ukirusha kete kumi, ngapi zilale uso juu ndo umshinde. Zimwi la vichwa saba, kete tisa. Kibwengo, kwa vile hafiki hata magotini, kete mbili. Mchezaji alikuwa mmoja tu, Mwanakheri, na huyo ndiye mtu pekee Kazija aliyeweza kuzungumza naye bila ya kutazama chini.

Akaja bibi yake Mwanakheri, Bi Mwatima, kukitazama kikapu chake. Mtaa mzima ulimjua: mtu akipandwa na pepo, yeye ndo huitwa kumtengea pepo sinia lake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unaandika nini?"

Akasomewa. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Nani kakufunza kumpima shetani kwa meno? Shetani hupimwa kwa anachotaka. Hilo zimwi lako lipe jogoo na marashi, litakubebea kikapu mpaka kwenu. Mbaya yule anayetaka kitu ambacho hakipatikani."

Kazija akafuta. Kupigana kwa kete akakuondoa, kila shetani akamwandikia sinia lake. Zimwi, jogoo na marashi. Kwa kibwengo akakwama. Akatazama mbele, mlango wa duka bado umefungwa, akaandika: kilo mbili za mchele. Madaraja akayaacha yalivyo, kwa sababu aliyaandika kwa wino.

Alasiri wakacheza barazani kwa kina Mwanakheri. Mtu wa Mwanakheri aliitwa Jabali, yuko njiani tangu mfungo mosi, na alibakiwa na nguvu ishirini. Zimwi likapokea jogoo wake likamwachia njia. Kisha akatokea kibwengo.

"Kete mbili? Huyu n'tampiga teke."

"Hapigwi. Anataka mchele."

"Basi nnakwenda dukani, mwenzangu. Hilo nalo neno?"

Duka lilikuwepo kwenye boksi, na sheria yake Kazija aliijua bila ya kufikiri: kete zote kumi zilale uso juu, ndo lifunguliwe. Kila ukikosa, nguvu moja imekwenda. Mwanakheri akarusha. Akarusha kwa mkono wa kulia, wa kushoto, akazipulizia bismillahi. Mpaka inaadhiniwa magharibi, nguvu zimekwisha.

"Jabali kafa," Kazija akasema.

"Kafa wapi?"

"Foleni."

"Zimwi la vichwa saba nimelipita, nikafie foleni?" Mwanakheri akazikusanya kete zake, moja moja. "Uliandika mbili, Kazija. Mie nkakuamini."

Akaingia ndani. Nyuma ya mlango Bi Mwatima akasikika: "Sasa ndo kapima, mtoto yule." Haikusaidia kitu.

Kesho yake Kazija hakuthubutu kupiga hodi. Akaandika kikaratasi: "Mwanakheri, kosa langu. Kibwengo ni kete kumi. Jabali hajafa, kazimia tu. Leo alasiri nije?" Akakitia ndani ya kikapu cha kina Mwanakheri, pale pale kwenye foleni, chini ya jiwe lililowekwa kisipeperuke.

Saa nne Mwanakheri akaja. Akanyanyua jiwe, akasoma. Akakikunja kikaratasi, akakirudisha, akaweka jiwe juu yake, akaondoka. Kazija alikuwa vikapu vinne nyuma, anatazama chini.

Saa nane mwenye duka akachungulia: mchele umekwisha, njooni kesho. Watu wakavunja foleni. Kikapu cha kina Mwanakheri kikaachwa papo hapo kishike zamu ya kesho, na kikaratasi ndani yake.