Besi Haina Pa Kupumulia

Kijiko kiligonga kikombe gizani, mara moja tu, nalo likawa kosa.

"Nani huyo?" alifoka Injinia. "Tunasikiliza au tunakunywa chai?"

Alikuwa binti yangu wa miaka mitano, anakoroga maziwa yake. Ilikuwa saa tisa alasiri, nje jua la kupasua kichwa, nasi tumekaa sebuleni gizani kama kuku wanaoatamia, kwa sababu shemeji yangu alikuwa amegundua kwamba mwanga unachafua sauti. Blanketi mbili zilipigiliwa misumari madirishani. Moja ilikuwa ya mtoto.

Injinia ni kaka mkubwa wa mume wangu. Uinjinia wake hakuupata chuoni. Alijitunuku mwenyewe siku aliyonunua bisibisi ya pili. Miezi mitatu nyuma walitengeneza spika mbili za mbao, ndefu kunifika mabegani. Mume wangu alipima, akakata, akapiga msasa. Kaka mtu alimshikia tochi, mchana. Na sitaki kusema uongo: mwanzoni ziliimba. Kisha Injinia akaanza kuboresha.

Aling'oa waya za kawaida, zile zenye upande mwekundu na upande mweusi, akaweka nyingine nene kama kidole gumba, zote rangi moja, zinang'aa utadhani mikufu ya bibi harusi. Siku hiyohiyo besi ikatoweka. Mtu mwenye akili angejiuliza amegusa nini. Yeye akazidi kuboresha. Akaweka mawe chini ya spika. Akajaza mchanga kwenye soksi, akazilaza juu yake. Debe tupu lina kelele, wanasema. Hili letu lina ushauri pia. Mwishowe akatoa hukumu:

"Chumba ni kidogo. Besi haina pa kupumulia."

Alikuwa na maana ya ukuta wa plaiwudi. Nyuma ya ukuta huo kuna kitanda cha binti yangu, dirisha lake dogo, na meza ya kukunja ninayosomea nikitoka darasa la jioni, darasa la umeme na vifaa vyake. Ni hatua nne kwa tatu, lakini ni chumba chake. Ukutani amebandika twiga aliyemchora mwenyewe, mwenye miguu sita ili asichoke. Sasa besi ipumue, mtoto akalale jikoni! Na mume wangu, ambaye hajawahi kumkatalia kaka yake hata kwa kikohozi, alikwisha kumwita seremala. Angefika saa kumi.

Niliinuka kukichukua kile kikombe. Nilipopita karibu na spika ya kushoto, muziki ukiendelea, besi ikanigonga kifuani. Nikarudi katikati, ikayeyuka. Nikasogea kulia, ikarudi. Nikasimama gizani nikitabasamu peke yangu. Hilo tulilisoma wiki ya sita.

"Shemeji," nikasema, "spika moja umeiunga kinyume. Moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta. Pale katikati zinakulana."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mwalimu wa jioni huyo! Shem, mambo yanayosomwa mtu akisinzia waachie wenyewe. Haya masikio yangu yana uzoefu wa miaka ishirini."

"Yana miaka arobaini na moja," nikasema, "na bado hayajaanza kazi."

"Mama, basi," mume wangu akanong'ona. Anapenda amani mume wangu, hata ile inayomkanyaga.

Seremala akabisha hodi. Akaondoa blanketi apate kuona, mwanga ukaingia, nasi sote tukafikicha macho. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ubavuni mwa twiga. "Nianzie hapa?"

Binti yangu hakulia. Alimsogelea twiga wake akaanza kumbandua, pembe baada ya pembe, taratibu, kama mpangaji mwenye adabu anayehama bila kusumbua watu. Afadhali angelia.

Nikachomoa betri kwenye saa ya ukutani. Saa ikasimama saa kumi na dakika tano.

"Mume wangu, zima hiyo amplifaya, uzichomoe waya za spika," nikasema. "Nikizigusisha betri hii, ile karatasi nyeusi ya duara kwenye spika itaruka kidogo. Zikiruka zote upande mmoja, nitashika nyundo mimi, nimsaidie fundi kubomoa. Zikipishana, ukuta unabaki."

"Mwache acheze," Injinia akasema. "Betri ya saa! Kesho atanipimia kwa mwiko."

"Nimekubali," mume wangu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akijibu kabla kaka yake hajamaliza kucheka. "Zikipishana, unabaki."

Nilizingatia ncha ya juu ya betri iguse waya iliyotoka kwenye tundu jekundu la amplifaya, kwa spika zote mbili. Kushoto: tuk. Kulia: tuk.

"Mmeona?" Injinia alikuwa amefunga mikono kifuani, hata kuinama hakuinama, wataalamu hawainami. "Zote zimetoka. Fundi, piga kazi."

"Mimi nimeona zimetikisika tu," seremala akasema. "Mambo yangu ni mbao."

Mume wangu akajikuna kidevu. "Rudia."

Nikarudia polepole. Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya spika ya kushoto, pua karibu iiguse, twiga kamkunja kwapani. Tuk. Akatambaa hadi ya kulia. Tuk.

"Zimetoka, jamani, zimetoka!" Injinia akapaza sauti. "Haya, mwulizeni mtoto. Yeye angalau hajaharibiwa na darasa la jioni."

Seremala akashusha nyundo. Binti yangu akaitazama ya kushoto, akaitazama ya kulia, kisha akamwinulia uso shemeji yangu, bila woga na bila haraka.

"Baba mkubwa, hii inatoka, hii inaingia."