Ufunguo Kwenye Futari

Alhamisi hiyo ya mwezi mtukufu, mwaka 2011, Reuben alikuwa na ufunguo ndani ya soksi, na roho yake juu juu. Ulikuwa wa akiba, wa duka la dhahabu alilolinda pale Al Sadd, mtaa wa mji wa Kiarabu. Alasiri aliuchukua kwenye droo ya mudiri, meneja wa duka. Saa kumi na mbili u nusu zamu yake ingekwisha, na walinzi hupekuliwa mpaka soksi kabla ya kwenda nyumbani, ila si wakitoka kufuturu. Kukutwa nao ni jela ya ugenini, na mama yake kule Kisumu hana mtu mwingine.

Mpango aliupanga Ramadhani, dereva wa Tanga. Reuben ampe Khalfan ufunguo kwenye hema la futari, kando ya msikiti. Watu hukaa wanne kwa sinia moja. Mikono mingi namna ile, nani angeona? Kesho, mudiri akiwa Swala ya Ijumaa, wangeingia.

Tabu ilikuwa Khalfan. Huyu ni mtu wa Unguja, babu yake Mmanga, Mwarabu wa kuja, na hakuacha yeyote asahau. Chumbani kwao, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kikombe alichonywea Reuben alikisuuza mara tatu. Ramadhani aliwabembeleza wote wawili, akisema baada ya Ijumaa kila mtu na njia yake.

Adhana ikasikika. Reuben alikaa na Wasudani wawili, nafasi ya nne wazi ubavuni pake. Msimamizi wa walinzi alisimama mlangoni mwa hema. Khalfan akaja, akautazama mkono mweusi wa Reuben ndani ya wali, akasita.

"Kaa, bro. Ni dakika mbili tu," Reuben alinong'ona.

"Miye sichovyi mkono na mtumwa. Utanipa nje."

"Nje kuna msimamizi."

Lakini Khalfan alishakwenda kujibana kwenye sinia jingine, kwa watu weupe weupe kama yeye. Reuben akaendelea kula, ufunguo ungali ndani ya soksi.

Walipomaliza, wakapanga safu za Magharibi. Msimamizi naye, Khalfan naye. Reuben, Mkristo, akabaki na dakika chache. Gari la Ramadhani lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua thelathini. Akalitazama. Mtu aliyeshindwa kukaa naye dakika mbili, akikamatwa kesho, atamtaja nani kwanza?

Akageukia dukani. Mlinzi mwenzake, Mnepali, alimfungulia akidhani amesahau simu. Ofisini akaurudisha ufunguo, lakini droo ikakwama. Akaisukuma kwa goti. Ilipofunga, alisikia viatu vya mudiri mlangoni.

Zamu ilipokwisha, walimpekua mifuko, viatu, soksi. Hawakupata kitu.

Alipotoka, gari la Ramadhani likamfuata taratibu. Khalfan alishusha kioo, uso umemlowa jasho.

"Ndugu yangu," akasema, "ingia basi. Tuyazungumze."

Miaka miwili chumba kimoja, hakuwahi kumwita hivyo. Reuben hakusimama. Alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani, akakunja godoro lake, ahame.